Dima na Vidhibiti vya Taa za LED: Utatuzi wa Matatizo kwa Kufuata Dalili

Malalamiko kuhusu taa za LED zinazopunguzwa mwanga hufanana sana, iwe ni sebule yenye dari ya jipsamu Dar es Salaam, duka la nguo Mombasa au ukumbi wa harusi popote pale: taa zinacheza, zinavuma, zinakataa kuzimika kabisa, mkanda unafifia upande wa mwisho, rimoti haifanyi kazi. Mwenye nyumba hununua balbu nyingine, kisha nyingine tena, na tatizo hubaki palepale, kwa sababu mara nyingi hakuna kifaa kilichoharibika. Vifaa vimeunganishwa pamoja ilhali havikutengenezwa kufanya kazi pamoja. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta kilichoungua, tambua kwanza mwanga wako unapunguzwa wapi na kwa njia gani.

Njia ya kwanza ni dima ya ukutani, ile swichi ya kuzungusha. Hii hufanya kazi moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba, ambao ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Dima hukata sehemu ya kila nusu ya wimbi la umeme, yaani mara 100 kwa sekunde. Dima za zamani hukata mwanzo wa wimbi. Zilibuniwa kwa ajili ya glopu za nyuzi, ambazo hazidhuriki umeme unapoingia kwa kishindo. Nyingi kati ya dima zilizobuniwa kwa ajili ya LED hukata mwisho wa wimbi, na saketi ndogo iliyomo ndani ya balbu huvumilia ukataji huo vizuri zaidi.

Njia ya pili ni kidhibiti kinachokaa kati ya paua saplai, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa nyumba kuwa volti 12 au 24, na taa za mkanda za volti hizo. Kidhibiti hiki hakipunguzi volti. Huwasha na kuzima mkanda mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na jicho huona wastani wake tu. Kadiri muda wa kuzima unavyorefuka, ndivyo mwanga unavyoonekana mdogo. Kwenye maboksi mbinu hii huandikwa PWM.

Njia hizi mbili hazichanganywi. Ukiweka dima ya ukutani mbele ya paua saplai ya kawaida, paua saplai hujitahidi kutoa volti 12 zilezile huku dima ikiinyima umeme, na matokeo yake ni taa zinazocheza na paua saplai inayochoka mapema. Kama ni lazima mkanda uongozwe na dima ya ukutani, inunuliwe paua saplai iliyoandikwa wazi kwamba inakubali dima.

Kabla ya kugusa chochote. Zima sakiti breka ya taa husika, kwani kuzima swichi ya ukutani pekee hakutoshi. Jaribu testa yako kwenye soketi unayojua ina umeme, kisha ndipo upime pale unapotaka kufanya kazi. Testa mbovu isiyowaka humdanganya mtu kwamba waya ni salama. Ukaguzi wa upande wa volti 12 au 24 mtu makini anaweza kuufanya mwenyewe. Kufungua dima, swichi au paua saplai yenyewe ni kazi ya fundi umeme.

## Taa zinacheza mwanga unapopunguzwa

Sababu inayoongoza ni balbu isiyokubali dima. Angalia boksi au maandishi yaliyo kwenye shina la balbu: ile inayokubali huandikwa hivyo au huwa na alama ya dima, na isiyokubali mara nyingi huwa na alama hiyo ikiwa imekatwa kwa mstari. Balbu ambayo haina maandishi yoyote ichukuliwe kuwa haikubali. Hakuna marekebisho yatakayoisaidia; ibadilishwe, au dima iondolewe na swichi ya kawaida ifungwe badala yake.

Sababu ya pili ni mzigo mdogo kupita kiasi, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu kila kifaa peke yake ni kizima. Dima ya zamani iliyoandikwa 40–400W inahitaji angalau wati 40 ili ishike vizuri. Wakati wa glopu za wati 60 jambo hilo halikuwahi kuonekana, kwa kuwa glopu moja tu ilitosha. Leo chumba kilekile kina balbu nne za LED za wati 5, jumla wati 20, na dima inashika na kuachia bila mpangilio. Kuna jaribio rahisi linalotoa jibu la haraka: toa balbu moja ya LED na uweke glopu ya nyuzi mahali pake, ikiwa bado unaweza kuipata. Kama taa zote zinatulia, dima ni nzima na balbu ni nzima. Kilichokosekana ni mzigo. Suluhisho la kudumu ni dima inayoanzia wati chache, iliyotengenezwa kwa ajili ya LED.

Kikomo cha juu nacho kinadanganya. Wati 400 zilizoandikwa hapo ni za glopu, na hazimaanishi balbu 80 za LED za wati 5. Balbu ya LED huvuta umeme kwa mkupuo mfupi na mkali, kwa hiyo watengenezaji huruhusu wati chache zaidi za LED kwenye dima ileile. Ikiwa karatasi iliyokuja na dima ina jedwali la LED, fuata jedwali hilo na uache ile namba kubwa ya mbele.

Tatu, kiwango cha chini cha dima hakijapangwa. Dima nyingi za LED zina skrubu ndogo au gurudumu dogo chini ya kifuniko, na fundi hulizungusha mpaka taa zitulie pale kitasa cha dima (kile cha kuzungusha) kinapofika chini kabisa. Kwa maoni yangu, hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi wakati wa ufungaji, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Baada yake fikiria mchanganyiko wa balbu: balbu za watengenezaji tofauti kwenye dima moja hupungua kwa viwango tofauti, na moja huanza kucheza wakati nyingine bado zimetulia.

Kama taa hucheza tu umeme unapokatika na nyumba kuhamia kwenye inveta, aina ya inveta ndiyo ya kuchunguzwa. Inveta za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na dima inayotegemea umbo la wimbi haiwezi kujua wapi pa kukata. Weka kitasa kwenye mwanga kamili nyumba inapotumia inveta ya namna hiyo, au tumia inveta ya wimbi laini.

Simama hapa: ikiwa taa zinacheza hata kwenye mwanga kamili, tena pamoja na taa za vyumba vingine, usiendelee kushughulika na dima. Huenda kuna waya uliolegea kwenye bodi ya umeme au kwenye nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, na nyutro ikilegea inaweza kuunguza vifaa vya nyumba nzima. Zima umeme na umwite fundi siku hiyohiyo.

## Taa au dima inavuma

Sikiliza kwanza mlio unatoka wapi, ukutani au darini. Mvumo mdogo ukutani hutoka kwenye koili iliyomo ndani ya dima na, ukiwa hafifu, ni wa kawaida kwa dima zinazokata mwanzo wa wimbi. Mvumo wa darini hutoka kwenye balbu au draiva (kifaa kinachoilisha LED umeme), na mara nyingi huwa mkali zaidi kitasa kikiwa katikati, kwa sababu hapo wimbi hukatwa likiwa kwenye kilele chake. Kubadilisha dima kwa ile inayokata mwisho wa wimbi huondoa mvumo wa namna hii mara nyingi. Dima inayovuma kwa nguvu na ambayo kifuniko chake ni cha moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono imezidiwa mzigo. Izime na isitumike tena mpaka ikaguliwe.

## Taa inabaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa

LED huhitaji umeme kidogo mno ili iwake, kwa hiyo hata umeme unaovuja huonekana usiku. Chanzo cha kawaida ni swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha mahali ilipo: kitaa hicho hupitisha umeme wake kupitia balbu. Chanzo kinachofuata ni waya mrefu wa swichi uliolazwa sambamba na waya wenye umeme ndani ya bomba moja. Umeme kidogo huhamia kutoka waya mmoja kwenda mwingine ingawa hazigusani. Kwa hali hizi mbili, fundi anaweza kufunga kifaa kidogo cha kunyonya umeme huo sambamba na taa, au kuondoa kile kitaa.

Chanzo cha tatu si cha kuvumilia. Ikiwa swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto, taa inazimika lakini holda yake inabaki na umeme wote. Mtu anayepanda ngazi kubadilisha balbu huku akiamini kuwa amezima anaweza kupigwa na umeme. Huwezi kuitofautisha hali hii na zile mbili kwa macho, kwa hiyo taa yoyote inayobaki na mwanga hafifu ipimwe na fundi angalau mara moja, na mpaka hapo usibadilishe balbu hiyo bila kuzima sakiti breka.

## Mkanda unafifia mwishoni, au weupe wake unageuka

Mkanda wa RGB, yaani wa nyekundu, kijani na bluu, wenye LED 60 kwa mita, wa aina ya 5050, hutumia takriban wati 14.4 kwa kila mita. Mita 5 ni wati 72, yaani ampea 6 kwa volti 12, na ampea zote hizo hupita kwenye shaba nyembamba iliyobandikwa kwenye plastiki. Volti hupungua njiani. Unganisha mita 10 kwa kuzifuatanisha, na mwisho wa mkanda utapata volti chache zaidi kuliko mwanzo wake.

Kwenye mkanda wa rangi dalili huja kwa sura ya pekee: mwanzoni mwanga ni mweupe, mwishoni unaelekea uwekundu. LED nyekundu huhitaji kama volti 2, ilhali ya bluu na ya kijani huhitaji kama volti 3 au zaidi kidogo. Kwa kuwa LED 3 hufuatana katika kila kipande cha mkanda wa volti 12, bluu inahitaji kama volti 9 hadi 10 ili iwake vizuri, na nyekundu inatosheka na 6. Volti zikishuka, bluu na kijani hufifia kwanza na nyekundu hubaki peke yake. Ukiona hivyo, usibadilishe kidhibiti; kidhibiti hakina kosa.

Anza kwa kupima. Washa rangi nyeupe kwenye mwanga kamili, kwa sababu hapo ndipo volti hushuka zaidi, kisha weka multimita kwenye volti za DC. Pima mahali paua saplai inapotoka, halafu pima mwisho wa mkanda, kati ya waya wa chanya na ncha ya kila rangi. Tofauti ikiwa kubwa, hakikisha kwanza waya kutoka paua saplai hadi mkandani si mwembamba na mrefu, kisha peleka waya wa umeme kwenye ncha zote mbili za mkanda, au ugawe mkanda katika vipande vya mita 5, kila kimoja kikiwa na waya wake. Kwa ufungaji mpya wa masafa marefu, nunua mkanda wa volti 24: kwa wati zilezile ampea hupungua kwa nusu, na upotevu wa volti ukilinganishwa na volti zote unakuwa robo.

Pwani kuna jambo la ziada. Vile vibanio vya plastiki vya kuunganishia mikanda hupata kutu ya kijani kutokana na chumvi na unyevu, na kibanio kimoja kilichooza hufifisha kila kitu kilicho mbele yake. Ukibonyeza kibanio na mwanga ukabadilika, umepata kosa. Kikate, uchomee waya kwa risasi, na ufunike kiungo.

## Mkanda unawaka na kuzima kila baada ya sekunde moja hivi

Hii ni paua saplai inayojilinda. Inawaka, inakuta mzigo umezidi au kuna shoti, inajizima, inajaribu tena. Tenganisha mkanda na kidhibiti: kama taa ya kijani ya paua saplai inatulia, mzigo ndio tatizo. Rudisha kidhibiti peke yake, kisha kipande kimoja cha mkanda, kisha kingine, mpaka dalili irudi. Kipande kilichoirudisha ama kina shoti ama kimevusha kikomo cha wati.

Hesabu ni fupi: zidisha wati za mita moja kwa idadi ya mita, kisha ugawe kwa 0.8. Wati 72 zinahitaji paua saplai ya wati 90, na kwa kuwa dukani utapata ya 100, hiyo ndiyo yako. Usisahau kwamba kidhibiti nacho kina kikomo chake. Kidhibiti kidogo chenye rimoti ya vitufe 24 au 44, kilichoandikwa ampea 6 kwa jumla, kinatosha mkanda mmoja wa mita 5 tu, hata kama paua saplai ni kubwa.

Paua saplai mpya ya bati lenye matundu ichunguzwe pembeni kabla ya kuwashwa. Baadhi yake zina kiswichi chekundu cha kuteleza, 110 upande mmoja na 220 upande wa pili. Kikiachwa kwenye 110 na ukaingiza umeme wa huku kwetu, mlipuko mdogo na moshi hufuata papo hapo. Usifungue paua saplai, hata ikiwa imechomolewa: kapasita zake kubwa hubaki na chaji ya kutosha kumjeruhi mtu.

## Rimoti haifanyi kazi

Vuta kile kipande cha plastiki angavu kinachozuia betri, kama hakijatolewa. Kisha elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera ya simu na ubonyeze kitufe: rimoti nzima ya mwanga usioonekana huonyesha nukta ya zambarau au nyeupe kwenye skrini. Jaribu na kamera ya mbele, maana baadhi ya kamera za nyuma huchuja mwanga huo. Nukta isipoonekana, badilisha betri. Ikionekana, tafuta lile jicho jeusi la kidhibiti, ambalo mafundi wa jipsamu hulificha ndani ya dari na hivyo kuliziba. Lichomoze nje kidogo.

Rimoti za redio hazihitaji kuona jicho, ila huhitaji kuunganishwa upya na kidhibiti baada ya kubadilishwa. Vidhibiti vya Wi-Fi vingi hupokea mawimbi ya 2.4 GHz pekee, hivyo simu iliyo kwenye mtandao wa 5 GHz inaweza kushindwa kukamilisha usajili.

## Rangi moja haiwaki, au rangi moja haizimi

Rangi isiyowaka huwa ni pini isiyogusa vizuri, na hutatuliwa kwa kuchomoa na kuchomeka upya. Ikibaki hivyo, zima, badilishana nyaya za rangi mbili kwenye kidhibiti, washa. Kosa likihamia rangi nyingine, njia ile ya kidhibiti imekufa. Likibaki kwenye rangi ileile, mkanda au waya wake umekatika.

Rangi inayoendelea kuwaka hata baada ya kuzima kwa rimoti ni jambo jingine. Ndani ya kidhibiti kuna transista moja kwa kila rangi, inayofanya kazi kama swichi, na transista iliyoungua mara nyingi hubaki ikipitisha umeme wakati wote. Kidhibiti kibadilishwe, lakini tafuta kwanza kilichoiunguza, ama mzigo uliozidi ama shoti kwenye mkanda, la sivyo kipya nacho kitakufa.

Kwa mikanda ambayo kila LED hujiongoza, kama ile ya WS2812B, taa zikizima kuanzia mahali fulani hadi mwisho, kosa liko kwenye LED ya kwanza isiyowaka au ile iliyo kabla yake, kwa sababu taarifa hupita kutoka moja hadi nyingine. Mkanda wote ukikataa, hakikisha mishale inaelekea mbali na kidhibiti, na kwamba waya hasi wa kidhibiti na wa paua saplai vimeunganishwa.

## Mkanda wa volti 12 unaungua haraka kwenye sola

Betri ya sola ya volti 12 haikai kwenye 12. Mchana, inapochajiwa, hufika volti 14.4. Chukua kipande cha kawaida cha mkanda mweupe: LED 3 zinatumia jumla ya kama volti 9.3, na zinazobaki humalizwa na rezista ya omu 150. Kwa volti 12 zinabaki 2.7, sawa na miliampea 18. Kwa 14.4 zinabaki 5.1, sawa na miliampea 34, karibu mara mbili. Mkanda unang'aa vizuri mwezi wa kwanza, kisha LED zinaanza kugeuka rangi na kufa moja moja. Kushusha mwanga kwa kidhibiti kunapunguza joto, lakini kila mwako mmoja bado hupitisha miliampea zote 34. Dawa yake ni kigeuzi cha DC kinachotoa volti 12 kamili, kikifungwa kati ya betri na kidhibiti.

## Kwenye kumbi na maofisi

Taa za dari za ofisini zenye nyaya mbili nyembamba za ziada, ya zambarau na ya kijivu au ya waridi, huongozwa kwa volti 0 hadi 10. Zikikwama kwenye mwanga kamili, mara nyingi waya huo umekatika au kuchomoka. Zikikwama kwenye mwanga wa chini kabisa, nyaya hizo mbili zimegusana mahali. Mfumo wa DALI, unaoongoza taa kwa ujumbe wa kidijitali, hubeba hadi vifaa 64 kwenye laini moja, na volti zake zinaonekana ndogo, lakini nyaya zake huruhusiwa kulazwa pamoja na za umeme mkubwa na hazihesabiwi kuwa salama kuguswa. Asiye na mafunzo asizifungue.

## Unapomwita fundi

Harufu ya plastiki inayoungua, alama nyeusi kwenye dima au kwenye holda, sakiti breka inayoruka tena baada ya kuirudisha mara moja, mtekenyo wa umeme unapogusa bati la taa, au maji yaliyoingia kwenye paua saplai: kila moja kati ya hizi inatosha kukufanya uzime na uache. Mtafute fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA. Mpe picha za maandishi ya dima, balbu, paua saplai na kidhibiti, urefu wa mkanda, na umweleze dalili inatokea kwenye mwanga kamili, wa chini au wakati wote, na kama nyumba ilikuwa kwenye umeme wa gridi, jenereta au inveta.